Kuumia kwa Mkokoteni na Toroli Kazini: Mwongozo Kamili kwa Msimamizi na kwa Anayesukuma

Anayekokota mkokoteni kutoka maghala ya Kariakoo, kibarua anayesukuma toroli la zege na kijana wa stoo anayevuta jeki ya paleti (toroli la chini lenye uma wa kuinua mzigo uliopangwa juu ya jukwaa la mbao) huumia kwa njia zinazofanana. Mgongo unashika, kidole kinabanwa kati ya mpini na ukuta, gurudumu linapanda kisigino, gunia linaangukia mguu, mkokoteni unamshinda mtu mteremkoni. Ukizifuatilia ajali hizi moja moja utakuta chanzo kilikuwepo kabla mtu hajashika mpini: mzigo ambao hakuna aliyejua uzito wake, tairi lisilo na upepo, njia ambayo haikukaguliwa, na malipo ya kwa safari yanayomfanya mtu arundike mzigo wa safari mbili katika moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya mkokoteni ukiwa bado umesimama.

Ninazungumza na watu wawili: msimamizi wa stoo, duka au saiti, na yule anayesukuma. Jambo likiwa mikononi mwa tajiri peke yake nitalisema wazi, kwa sababu si haki kumfundisha kibarua kukunja magoti wakati gunia alilopewa lina kilo 120.

Hatua ya 1: Jua uzito kabla ya kupakia

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20 na kidogo cha plastiki yake. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina karibu kilo 11, na ya milimita 16 karibu kilo 19. Kwa hiyo nondo ishirini za 16 ni karibu kilo 380, hata kama kwa macho zinaonekana fungu dogo. Mtungi wa gesi wa kilo 15 hauna kilo 15, kwa kuwa hiyo ni gesi tu; uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, uusome na ujumlishe. Toroli la saiti la lita 65 likijaa mchanga linabeba kama kilo 100, na mchanga ukiwa umelowa linazidi hapo.

Magunia ya mazao yana tabu yake. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa likapita mdomo wake na kushonewa kofia juu, imepigwa marufuku na bado inaonekana sokoni. Wengi huizungumzia kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli, lakini mgongo wa mpakuaji unadhulumiwa vilevile. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kama mpaka wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja. Gunia halali la kilo 100 limekaribia mara mbili ya hapo, na lumbesa imepita. Kenya ilishaonyesha kwamba inawezekana: kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa ukomo wa mfuko.

Kwa msimamizi: weka mzani mlangoni na andika uzito kwa chaki au kalamu nene kwenye mzigo usiojulikana. Mzigo ukizidi kilo 50, hauinuliwi na mtu mmoja. Wawe wawili, au ugawanywe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nguvu

Kilo zilizo juu ya magurudumu si kilo zinazokaa mikononi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yakiwa mazima, kusukuma kunahitaji nguvu isiyopungua asilimia 2 ya uzito. Mzigo wa kilo 400 unasukumwa kwa nguvu kama ya kuinua kilo 8. Kwenye njia laini au yenye mashimo, asilimia hiyo inaweza kufika 10, na mzigo uleule sasa unadai kilo 40. Mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 12 unaongeza kama kilo 33 juu ya hayo yote.

Linganisha na miongozo ya mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, ambayo kwa mwanamume inataja nguvu ya kama kilo 20 wakati wa kuanza au kusimamisha, na kilo 10 wakati wa kuendelea. Kwa mwanamke ni 15 na 7. Ukishazijua namba hizi unaweza kuamua bila ubishi. Kilo 400 kwenye zege safi la ghala, mtu mmoja anaziweza. Kilo 400 hizohizo kwenye kichochoro chenye mchanga zinahitaji watu wawili hadi wanne, au zigawanywe safari mbili hadi nne. Mjini Mwanza, wenye vilima kila upande, hesabu ya tambarare haina kazi kabisa.

Malipo ya kwa safari yanavuruga hesabu hii, na hapa kazi ni ya tajiri. Lipa kwa uzito uliohamishwa au kwa siku, na mtu atakosa sababu ya kurundika.

Hatua ya 3: Kagua chombo

Ukaguzi huu unachukua dakika chache kila asubuhi. Anza na tairi. Lisilo na upepo wa kutosha linakaza mkokoteni na kuuvuta upande mmoja, na anayesukuma anaulipia upande huo kwa kiuno. Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Jaza kwa kipimo hicho, tairi zote mbili sawa. Inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono. Likinguruma au kuyumba, beringi zimekwisha au zinataka grisi. Tazama nati na pini zinazoshika ekseli, halafu bodi: mbao zilizopasuka, misumari iliyochomoza, na sehemu za kulehemu zenye ufa. Toroli la saiti lichunguzwe hasa pale mikono inapoungana na beseni.

Mikono ya mkokoteni isiwe na chuma chenye makali wala mbao zenye vibanzi. Vishikio vya raba vinavyochomoka viondolewe au vibandikwe upya, maana kinachochomoka mteremkoni kinamwacha mtu na raba mkononi wakati mkokoteni unaondoka.

Breki ni suala la pekee. Mikokoteni mingi ya magurudumu mawili ina kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma chini ya bodi; mtu akiinua mikono ya mbele, nyuma inashuka na kipande kile kinakwaruza lami. Ni breki ya kweli, ila inalika. Ikibaki mbao tupu, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mkokoteni usio nayo usipelekwe kwenye mteremko wowote ukiwa na mzigo. Kila chombo kiwe pia na mawe mawili au kabari mbili za mbao zilizofungwa kwa kamba kwenye bodi, za kuzuia magurudumu kinaposimama.

Chombo kibovu kifungiwe mnyororo au kiondolewe gurudumu. Kukiandika "kibovu" kwa chaki hakutoshi. Kazi ikikolea kitachukuliwa.

Hatua ya 4: Tembea njia mikono mitupu

Msimamizi na mmoja wa wasukumaji watembee njia nzima kabla ya mzigo. Wanatafuta mifuniko ya mitaro iliyovunjika, vizingiti vya milango, maji na mafuta sakafuni, kona ambazo mkokoteni hautageuka, na milango inayobana mikono. Pima mlango mwembamba kuliko yote: ukikosa nafasi ya kama upana wa ngumi kila upande, vidole vitasagwa siku moja, kwa hiyo shikio lihamishwe ndani ya upana wa bodi.

Ubao wa kuvukia kati ya gari na ghala ndio mahali ninapopaogopa kuliko pote. Uwe mpana kuliko nafasi kati ya magurudumu, uwe mgumu usiopinda katikati, na ufungwe pande zote mbili usiteleze. Gari lizimwe, livutwe breki ya mkono na kuwekewa mawe. Dereva akisogeza gari kidogo tu "kunyoosha," ubao unachomoka na mtu na mzigo wanaingia katikati.

Hatua ya 5: Pakia kwa mpango

Kizito kiwe chini, na kwa mkokoteni wa magurudumu mawili kikae juu ya ekseli. Mzigo ukiegemea nyuma, mikono inapaa na kumwinua mkokotaji; ukiegemea mbele, anabeba mgongoni kile ambacho gurudumu lingebeba. Jaribu hivi: baada ya kupakia, inua mikono hadi usawa wa nyonga. Iwe na uzito kidogo wa kukuvuta chini, unaoumudu bila kukakamaa. Ukihitaji kukaza meno, sogeza mzigo nyuma kidogo. Mikono ikielea, sogeza mbele.

Kwa toroli la gurudumu moja, rundika mbele karibu na gurudumu. Na kwa chombo chochote kinachosukumwa, mzigo usipite usawa wa macho ya anayesukuma. Anayesukuma asiyeona mbele atamgonga mtu.

Funga kwa kamba kwanza. Mipira ya tyubu iliyokatwa ni mizuri kwa kukaza mwishoni, lakini inanyumbuka. Mzigo ukiyumba nayo inayumba. Nondo na mabomba yafungwe sehemu mbili, ncha zivishwe kitambaa chekundu. Mitungi ya gesi isimame wima, ifungwe mmoja mmoja, isilazwe hata kama safari ni fupi.

Hatua ya 6: Kusukuma

Sukuma badala ya kuvuta kila chombo kinaporuhusu. Unaposukuma unaona mbele, uzito wa mwili unakusaidia, na gurudumu haliko nyuma ya visigino vyako. Mikono iwe kati ya nyonga na mabega, viwiko vimekunjwa kidogo, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma. Anza taratibu kwa miguu. Kuanza kwa mtikiso ndiko kunakoumiza kiuno, kwa kuwa nguvu kubwa kuliko yote ni ile ya kukiondoa chombo kilipo.

Jeki ya paleti inataka mwendo wa kutembea, na mguu usiwe chini ya paleti inaposhushwa. Toroli la magunia, lile la wima la magurudumu mawili, linalazwa kwa kukanyaga ekseli yake kwa mguu mmoja huku ukivuta mpini. Kulilaza kwa nguvu za mgongo peke yake ni kujitafutia maumivu.

Viatu: kandambili hazina nafasi hapa. Buti lenye chuma mbele ndilo bora, na tajiri anapaswa kulinunua, maana sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 2003, inampa mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Glovu ziwe za kubana, kwani zinazopwaya hunaswa.

Mkiwa wawili au zaidi, mmoja tu atoe amri. "Haya", "simama", "shusha" zitoke mdomo mmoja. Anayesukuma nyuma haoni shimo lililo mbele, naye wa mbele hajui kama wa nyuma ameteleza, kwa hiyo yeyote akisema "simama", wote wanasimama bila kuuliza kwanza.

Kiu inahesabika pia. Dar es Salaam ya Januari na Februari inamlegeza mtu kabla hajajua, na mtu aliyechoka hupuuza breki. Weka maji karibu, na kivuli cha kupumzikia. Kazi nzito ianze alfajiri.

Hatua ya 7: Mteremko

Kanuni ni moja: mtu asiwe chini ya mzigo. Mkokotaji anayeshuka akiwa mbele, mkokoteni ukimsukuma mgongoni, hana pa kukimbilia. Geuzeni mkokoteni, mzigo utangulie, ninyi mushike kutoka juu. Mteremko ukiwa mkali, kamba ifungwe kwenye ekseli na watu wawili waiachie kidogo kidogo. Mtu mwingine atembee pembeni na jiwe au kabari mkononi, asitangulie mbele ya gurudumu. Msipoweza kufanya hivyo, pakueni nusu.

Katika kupanda, pumzikeni kabla ya kuchoka, na kila mnaposimama kabari iingie kwanza ndipo mikono iachie.

Barabarani, zaidi ya haya: kizibao chenye mistari ya kuakisi mwanga, viakisi nyuma ya bodi, na usiku msiende bila taa. Madereva wa daladala na bodaboda hawategemei kukuta kitu cha mwendo wa miguu katikati ya lami.

Hatua ya 8: Mzigo ukianza kuanguka, uachie

Hili ndilo ninaloliombea lieleweke kuliko mengine yote. Mkokoteni unapopinduka au rundo linapoyumba, mkono wa mtu hukimbilia kulizuia, na hapo ndipo mifupa inapovunjika. Kilo 300 zinazoanguka hazizuiliki. Ruka pembeni, piga kelele kuonya wengine, acha vianguke.

Watu wanalijua hili na bado wanadaka, kwa sababu wanaogopa kukatwa. Kreti za soda zikivunjika au marumaru zikipasuka, kibarua anaambiwa alipe, na mshahara wake wa wiki unakwenda. Mwenye duka anayefanya hivyo anawafundisha watu wake kuweka mwili chini ya mzigo. Na sheria haimruhusu kukata atakavyo: kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyopigiwa hesabu, apewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Tajiri, watangazie vijana wako mbele ya wote kwamba bidhaa iliyoachiwa ili kuokoa mguu haikatwi kwa mtu.

Hatua ya 9: Mtu akiumia

Kwanza zuia chombo kisisogee tena. Aliyebanwa asivutwe kwa nguvu. Ondoeni uzito juu yake. Damu inayotoka kwa wingi igandamizwe kwa kitambaa safi, bila kuinua kuchungulia kila mara. Kidole kilichosagwa: vua pete mara moja kabla hakijavimba, osha kwa maji safi yanayotiririka, funika, nenda hospitali. Aliyeanguka kutoka kwenye ubao au kugongwa na mzigo kichwani au shingoni asiinuliwe wala kukalishwa mpaka wenye ujuzi wafike, isipokuwa kama pale alipo kuna hatari nyingine.

Mgongo ulioshika kwa kawaida hupona, na kulala kitandani siku nyingi huuchelewesha. Mtu ajongee taratibu, aache kuinua. Ila kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, kushindwa kukojoa au mkojo kutoka wenyewe, mguu kupoteza nguvu. Hapo ni hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Ngiri nayo: uvimbe wa kinenani unaorudi ndani ukilala unahitaji daktari kwa miadi, lakini ukiwa mgumu, unauma na mtu anatapika, ni dharura ya upasuaji. Wanaume wengi huificha ngiri kwa aibu wakaendelea kusukuma. Msimamizi akiona mtu anashika kinena kila anapoinua, amvute pembeni aongee naye faraghani.

Hatua ya 10: Taarifa na fidia

Haki nyingi hupotea katika saa chache za kwanza. Aliyeumia amwambie msimamizi siku hiyo hiyo na ahakikishe imeandikwa: tarehe, saa, mahali, alichokuwa anasukuma, uzito wake, ilivyotokea, na majina ya walioona. Piga picha ya chombo na mahali kabla havijasogezwa. Hospitali amweleze daktari wazi kwamba ameumia kazini, ili faili liseme hivyo. Faili likisema "ameanguka" bila zaidi, mbele ya safari kutakuwa na maswali.

Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia. Hakuna senti inayokatwa kwa mfanyakazi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu aijue, na madai yasiyofikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali yanaweza kupotea. Mfuko hugharamia matibabu, na anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu una malipo yake, na wategemezi wa aliyefariki wana yao.

Usikubali kuambiwa "wewe kibarua, huna mkataba". Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Tunza kila kinachoonyesha kwamba ulifanya kazi pale: meseji za malipo ya simu, daftari la safari, picha, majina ya wenzako. Mwajiri asiporipoti, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko iliyo karibu. Kenya, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 nayo inampa mwajiri siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na inamtaka awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake.

Mwenye mkokoteni wake mwenyewe, asiye na tajiri, hana mwajiri wa kumchangia. Huyo ajitafutie bima ya afya, na kikundi cha wakokotaji wa eneo lake kiweke mfuko wa dharura wenye daftari linalosomwa mbele ya wote. Vijana wa soko moja wakichanga kidogo kila wiki, aliyevunjika mguu hatalazimika kuuza mkokoteni ili alipe plasta.

Hatua ya 11: Kurudi kazini

Daktari aandike mtu anaweza nini: kuinua kilo ngapi, kusimama muda gani. Msimamizi ampe kazi ya mzani, ya kuhesabu au ya kupokea mzigo kwa muda huo, kwa malipo waliyokubaliana, asimrudishe kwenye mpini kwa sababu mwenzake hakuja. Wiki za kwanza mzigo uwe nusu, njia iwe tambarare.

Chombo kilichomwumiza kisitoke getini mpaka sababu ya ajali iandikwe kwenye daftari, irekebishwe, na msimamizi na mmoja wa wasukumaji waweke sahihi kwamba wamekijaribu kikiwa na mzigo.